HAYATI JOMO KENYATTA: MWANAFUNZI ALIYEINGIA CHUO KIKUU KWA MLANGO WA PEMBENI

Ndugu msomaji, siku ya Jumatatu tarehe 21 Agosti 1978, Rais wa kwanza wa nchi yetu, hayati Mzee Jomo Kenyatta, alifika hapa Msambweni kuwaona wananchi. Hakuna aliyejua kwamba hiyo ndiyo ingekuwa shughuli yake ya mwisho hadharani. Usiku ule alirudi Ikulu ya Mombasa, na kabla ya kupambazuka Jumanne tarehe 22 akaaga dunia. Basi mtu aliyezaliwa huko bara, karibu na vilima vya Gatundu, aliagana na watu wake huku kwetu, kwenye minazi na mikorosho ya Kwale.

Kenyatta mwenye usinga na kofia tunamjua sote. Tumemwona kwenye sarafu za zamani, tumemsoma kwenye vitabu vya historia, na karibu kila mji una barabara yenye jina lake. Lakini yuko Kenyatta mwingine ambaye hatumsomi sana darasani. Huyu ni Kenyatta mwanafunzi, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyekaa kwenye dawati ugenini pamoja na vijana, akiwa na deni la kodi ya nyumba na hana cheti cha maana mkononi. Mtu huyo ndiye aliyesomea anthropolojia, yaani elimu ya watu, mila zao na namna wanavyoishi, katika Chuo Kikuu cha London. Tena hakuingia huko kwa mlango wa mbele.

Nimeamua kuandika habari hii kwa sababu moja. Kila mwaka matokeo ya KCSE yanapotoka, wako wanaoshangilia na wako wanaojifungia chumbani. Wale wa pili hudhani kwamba mambo yamekwisha. Haya, tumfuate huyu Mzee hatua kwa hatua tuone.

UTOTO NA MISHENI

Mwaka hasa aliozaliwa haujulikani, kwani wakati huo watu hawakuandika tarehe za kuzaliwa. Wanahistoria wengi hukadiria miaka ya 1890. Jina lake lilikuwa Kamau. Baba yake, Muigai, alifariki Kamau akiwa mdogo, na mama yake, Wambui, akachukuliwa na ami yake aliyeitwa Ngengi, kama ilivyokuwa desturi ya Wakikuyu. Mama naye hakuishi sana. Kijana akaenda kukaa na babu yake, Kungu wa Magana, huko Muthiga.

Babu huyo alikuwa mganga. Kamau alifuatana naye akimbebea mkoba wa dawa, akaona jinsi anavyotibu na anavyoomba. Wakati ule ilikuwa kazi ya mjukuu tu, kama vile sisi tunavyotumwa na babu zetu kuchuma majani ya dawa. Nakuomba msomaji uukumbuke mkoba huo, kwa maana tutarudi kwake.

Mwaka 1909 Kamau aliingia misheni ya Waskoti huko Thogoto. Ili apate karo alifanya kazi za nyumbani na jikoni kwa mlowezi mmoja jioni na siku za mapumziko. Masomoni hakuwa nyota. Walimu wake walimwelekeza kwenye useremala. Mwaka 1914 alibatizwa. Inasimuliwa kwamba alitaka aitwe John Peter, lakini wamishenari wakakataa mtu mmoja kubeba majina ya mitume wawili. Naye akapata hila. Kwa kuwa Petro maana yake ni jiwe, na jiwe kwa Kiingereza ni ‘stone’, akajiita Johnstone. Lo! Hata hapo unaona kwamba huyu hakuwa mtu wa kuzuiwa na mlango mmoja uliofungwa.

Alitoka misheni bila ya cheti kikubwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikaa kwa jamaa zake Wamaasai huko Narok, akifanya kazi ya ukarani. Kuanzia mwaka 1922 aliajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi, idara ya maji. Alikuwa akitunza stoo na kusoma mita. Alikuwa na mshahara wa kutosha, mke wake Grace Wahu na mtoto. Watu wengi wangeridhika hapo.

KARANI AENDA ULAYA

Lakini nchi ilikuwa na maumivu. Wakikuyu walikuwa wamenyang'anywa sehemu ya ardhi yao na walowezi. Chama cha Kikuyu Central Association kilikuwa kikitafuta mtu anayejua kusoma na kuandika, anayeweza kuzungumza na wakubwa. Mwaka 1928 Johnstone aliacha kazi ya mita akawa katibu mkuu wa chama hicho, na akahariri gazeti lake la Muigwithania lililoandikwa kwa Kikuyu.

Mwezi wa Februari 1929 chama kilimtuma Uingereza kupeleka malalamiko ya ardhi. Alipanda meli hapo Mombasa. Alikaa huko mwaka mmoja na nusu, akarudi Septemba 1930 bila ya mafanikio makubwa. Mwaka 1931 akatumwa tena. Safari hii alitakiwa azungumze mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikichunguza mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Kamati haikumwita. Alikwenda mwendo wote ule, akaambiwa ushahidi wake hauhitajiki.

Hapo ndipo alipoona upungufu wake. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Wale aliotaka kubishana nao walikuwa wametoka Oxford na Cambridge, nao walikuwa na maandishi, takwimu na vitabu. Yeye alikuwa na barua za chama na uchungu moyoni. Uchungu peke yake, ndugu zangu, haushindi kesi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kenyatta akainama.

CHUO KIDOGO CHA WOODBROOKE

Mwishoni mwa mwaka 1931 aliingia chuo kiitwacho Woodbrooke, mtaa wa Selly Oak, mjini Birmingham. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1903 na madhehebu ya Kikristo ya Marafiki, wale wanaojulikana kama Quakers, ambao hapa Kenya wana wafuasi wengi katika sehemu za Kaimosi na Magharibi. Kilikuwa katika nyumba iliyokuwa ya George Cadbury, yule mwenye kiwanda cha chokoleti.

Woodbrooke hakikuwa chuo kikuu, wala hakikutoa digrii. Kilikuwa chuo cha watu wazima. Hukuhitaji kuwa na cheti cha sekondari ili uingie. Wanafunzi waliishi pamoja, wakasoma, wakajadiliana na kusali, na walitoka nchi mbalimbali. Ni mahali ambapo mtu aliyeachwa nyuma na shule aliweza kuanza tena bila ya kuchekwa.

Kenyatta alisoma hapo mpaka mwaka 1932. Alinoa Kiingereza chake, akajifunza kupanga hoja na kuandika insha, akapata cheti cha uandishi wa Kiingereza. Wasomi wakubwa wangekidharau cheti hicho. Lakini mwaka huohuo wa 1932 alitoa ushahidi London mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, ile iliyoongozwa na Morris Carter. Yule ambaye mwaka mmoja nyuma hakusikizwa sasa alisikizwa, hata kama tume yenyewe haikurudisha ardhi yote iliyodaiwa.

Leo huko Marekani kuna vyuo vinavyoitwa vyuo vya jamii. Kijana aliyemaliza sekondari husoma huko miaka miwili karibu na kwao, kwa karo nafuu, kisha akahamia chuo kikuu na kumalizia digrii yake. Wapo wanaoanza anthropolojia katika vyuo hivyo. Woodbrooke haikuwa na mpango kamili kama huo wa kumhamisha mwanafunzi, lakini kwa Kenyatta ilifanya kazi iyo hiyo: ilikuwa ngazi fupi ya kumwezesha kuishika ile ndefu.

MDOMO WA KUAJIRIWA

Baada ya hapo alikwenda Moscow, mji mkuu wa Urusi, akasoma kiasi cha mwaka mmoja katika chuo cha Wakomunisti kilichofundisha watu kutoka nchi zilizotawaliwa. Mwaka 1933 alirudi London.

Maisha hayakuwa rahisi. Pesa za chama kutoka nyumbani zilichelewa au hazikuja kabisa. Kodi ya chumba ilimlemea. Alifanya vibarua vya kila namna, hata akashiriki kama mmoja wa watu wa kujaza uwanja katika filamu ya Sanders of the River iliyotoka mwaka 1935, ambayo mchezaji wake mashuhuri alikuwa Paul Robeson, Mmarekani mweusi.

Kibarua kimoja kilikuwa cha ajabu kidogo. Alipata kazi katika chuo cha University College, idara ya fonetiki, yaani elimu ya matamshi. Kazi yake ilikuwa kusema Kikuyu. Basi! Mwalimu, Bi Lilias Armstrong, alimsikiliza anavyopandisha na kushusha sauti, akaandika. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1940, Bi Armstrong mwenyewe akiwa ameshafariki.

Hebu tafakari msomaji. Kamau alikuwa ndiye mwenye lugha, lakini kitabu kilikuwa cha mwingine. Yeye alikuwa mdomo, kalamu ilishikwa na mtu mwingine. Simlaumu Bi Armstrong, kwani alifanya kazi yake vizuri. Lakini mambo ya Waafrika wakati huo yalikwenda hivyo karibu kila mahali. Mgeni aliuliza, mwenyeji alijibu, mgeni akaandika na jina likawa la mgeni.

KWA PROFESA MALINOWSKI

Katika Chuo Kikuu cha London kulikuwa na chuo cha uchumi na siasa, London School of Economics, ambacho watu hukiita LSE. Humo alikuwamo profesa mmoja Mpolandi, Bronislaw Malinowski, aliyekuwa na sifa dunia nzima. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza Malinowski alikaa katika visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea. Hakukaa kwenye baraza ya mkuu wa wilaya na kuwaita wenyeji waje kuhojiwa. Alipiga hema kijijini, akajifunza lugha, akatazama watu wanavyolima, wanavyooa, wanavyozika na wanavyogombana. Alifundisha kwamba kila mila ina kazi yake katika maisha ya watu, na kwamba huwezi kuing'oa moja bila ya kutikisa nyingine.

Mwaka 1935 Kenyatta alikubaliwa kuwa mwanafunzi wake, akasomea diploma ya anthropolojia. Hii ilikuwa diploma ya watu waliokwisha kupata digrii. Kenyatta hakuwa na digrii. Hakuwa hata na cheti cha sekondari kama hiki tunachokihangaikia sisi. Alikuwa na kile cheti cha Woodbrooke, Kiingereza alichokinoa, na jambo moja ambalo wanafunzi wengi wa Malinowski hawakuwa nalo: alikuwa ameyaishi yale yaliyokuwa yakisomwa.

Sasa turudi kwenye ule mkoba wa dawa wa babu. Darasani walipojadili uganga, yeye alikuwa ameubeba. Walipojadili jando, yeye alikuwa amepita jandoni. Walipojadili namna ukoo unavyomiliki ardhi, yeye alikuwa mtoto wa ukoo, tena katibu wa chama kilichoidai ardhi hiyo. Mambo ambayo misheni ya Thogoto iliyaona ushenzi wa kuachwa mlangoni, huku chuo kikuu yakawa ndiyo elimu yenyewe.

Darasa lile lilikuwa na watu wa kila aina. Alikuwamo Elspeth Huxley, binti wa walowezi aliyekulia Thika. Alikuwamo hata mwana wa mfalme, Peter wa Ugiriki. Jioni moja Kenyatta alibishana vikali na Louis Leakey, yule mtaalamu wa mambo ya kale aliyezaliwa Kabete na kukijua Kikuyu kama lugha ya mama, juu ya tohara ya wanawake. Fikiria wawili hao wanatupiana maneno kwa Kikuyu katikati ya London! Miaka mingi baadaye, katika kesi ya Kapenguria, Leakey huyohuyo aliwekwa kuwa mkalimani wa mahakama, mpaka mawakili wa Kenyatta wakampinga akajiondoa.

KITABU

Insha alizoandika kwa ajili ya darasa la Malinowski alizikusanya zikawa kitabu, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Malinowski mwenyewe aliandika utangulizi. Katika kitabu hicho ndipo jina la Jomo Kenyatta lilipoonekana kwa mara ya kwanza, na Johnstone akawekwa kando. Picha yake ndani ya kitabu inamwonyesha amevaa joho la ngozi na kushika mkuki, akijaribu ncha yake kwa kidole.

Kitabu kinaeleza asili ya Wakikuyu, koo, ardhi, kilimo, malezi, jando, ndoa, utawala wa wazee na dini. Nia yake ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Wakoloni walisema Waafrika hawakuwa na sheria wala mpango, kwa hiyo walihitaji kutawaliwa. Kenyatta alionyesha kwamba mpango ulikuwapo, tena kila kitu kilishikamana na ardhi. Ukimnyang'anya mtu ardhi, hukumnyang'anya shamba tu, umemnyang'anya na mizimu yake, ndoa yake na heshima yake.

Ndani yake kuna kisa cha mtu na tembo. Mvua ilinyesha, tembo akaomba ahifadhi mkonga wake tu ndani ya kibanda cha mtu. Akakubaliwa. Mkonga ukafuatwa na kichwa, kichwa kikafuatwa na mwili, mwenye nyumba akajikuta nje. Alipolalamika ikaundwa tume ya uchunguzi, na wajumbe wote wakawa wanyama wakubwa. Kila kibanda alichojenga kikachukuliwa hivyohivyo. Mwishowe akajenga kibanda kikubwa kuliko vyote, wanyama wote wakajazana humo wakigombania nafasi, naye akakitia moto. Aliyewahi kukaa mbele ya Tume ya Ardhi anajua tembo ni nani. Hicho ndicho alichojifunza Kenyatta: kuchukua ngano ya kwao na hoja ya chuo kikuu, akazifunga pamoja.

Lakini tusikisifu kitabu kupita kiasi. Wataalamu wengi wamesema kwamba Kenyatta aliwachora Wakikuyu wa zamani kama watu wasio na ugomvi wala dhuluma baina yao. Alikuwa mwanasiasa kama alivyokuwa mwanachuoni, na mwanasiasa hakosi kupaka rangi. Aliitetea pia tohara ya wanawake, jambo ambalo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inalikataza kabisa. Kujua mila si lazima iwe kuitetea kila mila.

KUTOKA MWANAFUNZI HADI RAIS

Nitapita hapa haraka kwa sababu vitabu vya historia vimeyaeleza. Vita Vikuu vya Pili vilimkuta Uingereza. Alihamia kijiji cha Storrington akafanya kazi shambani, na huku akitoa mihadhara kwa chama cha elimu ya wafanyakazi, WEA. Aliyesoma katika chuo cha watu wazima sasa akawa mwalimu wa watu wazima. Oktoba 1945 alishiriki Mkutano wa Waafrika uliofanyika Manchester pamoja na Kwame Nkrumah na George Padmore.

Alirudi nyumbani Septemba 1946 kwa meli kupitia Mombasa. Muda si mrefu akashika uongozi wa chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichoanzishwa mwaka 1939 na Mbiyu Koinange kwa michango ya wananchi. Hiki nacho kilikuwa chuo cha watu waliofungiwa milango mingine. Serikali ya kikoloni ilikifunga wakati wa hali ya hatari.

Tarehe 20 Oktoba 1952 alikamatwa. Mwezi wa Aprili 1953 alihukumiwa kifungo cha miaka saba huko Kapenguria. Alifungwa Lokitaung, akawekwa Lodwar na Maralal, akaachiliwa Agosti 1961. Juni 1963 akawa Waziri Mkuu, na tarehe 12 Desemba 1964 akawa Rais wa Jamhuri. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzishwa mwaka 1970, mkuu wake, mwenye kuwatunuku wengine digrii, alikuwa Kenyatta, mtu ambaye hakupitia digrii ya kwanza. Na sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tusisahau kwamba ni yeye aliyeamua mwaka 1974 kwamba Kiswahili kitumike Bungeni.

KENYATTA NA ARDHI YETU

Sasa nifike mahali pagumu. Makala haya yanasomwa Kwale, na kumsifu mtu tu bila ya kumpima si elimu.

Huku Pwani, tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, Wamijikenda wengi walibaki bila ya hati za mashamba waliyozikia wazee wao. Uhuru ulipokuja, wengi walitumaini kwamba mtu aliyeandika vizuri namna ile juu ya ardhi angeuelewa uchungu wao. Haikuwa hivyo. Watu wengi wa Kwale, Kilifi na Lamu waliendelea kuitwa maskwota katika ardhi ya babu zao. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 iliandika kwamba wakati wa utawala wake ardhi ya Pwani, pamoja na viwanja vya ufuoni, ilikwenda kwa wenye vyeo na jamaa zao. Ukitembea Diani ukatafuta njia ya kufikia bahari kati ya kuta za mahoteli na majumba, unaujua mkonga wa tembo.

Je, elimu yake ilikuwa bure? La. Hoja aliyoiandika mwaka 1938 ni ya kweli mpaka leo, hata kama mwenye kuiandika hakuitimiza kwa watu wote. Nasi twaweza kuichukua tukaitumia, hata juu yake yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo faida ya jambo kuandikwa. Mwandishi akilisahau, msomaji atamkumbusha.

FUNZO KWETU

Wanachama wenzangu, mimi nimepata mafunzo mawili.

La kwanza ni la wale watakaopata alama wasizozitarajia. Hapa kwetu iko njia ya cheti, kisha diploma, kisha digrii. Ni ndefu, lakini ni njia. Wako wanaoanzia chuo cha ufundi cha jirani na kuishia Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi, au Nairobi. Usione haya kuanzia chuo kidogo. Kenyatta alikuwa na umri wa kutosha kuwa baba wa mwanafunzi mwenzake alipoketi Woodbrooke, na hakufa kwa aibu.

La pili ni kubwa zaidi. Kilichomfanya Kenyatta awe mwanachuoni si Birmingham wala London peke yake. Ni mkoba wa babu. Chuo kilimpa njia ya kuufungua mbele ya watu. Je, sisi mikoba ya babu zetu iko wapi? Kaya Kinondo, hapo Diani, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Watalii huingia humo wakaelezwa miti na makaburi. Wangapi kati yetu, Wadigo na Waduruma wa shule hii, wanaweza kueleza kazi ya wazee wa kaya bila ya kubahatisha? Jirani zetu Wamakonde, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walikaa miaka mingi bila ya vitambulisho mpaka walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016, wakatambuliwa mwaka 2017 kuwa kabila la 43 la Kenya. Nani ameandika habari za nyumbani kwao, michongo yao na ngoma zao, kwa kalamu ya mtoto wa Kimakonde?

Likizo ijayo chukua daftari. Keti na bibi au babu. Muulize ardhi yenu ilipatikanaje, harusi ilikuwaje, mgonjwa alitibiwaje. Andika na tarehe. Ukikosea, muulize tena. Hiyo ndiyo anthropolojia, na haihitaji karo. Wazee wanatutoka, na kila anayezikwa huenda na mkoba wake.

Mzee Kenyatta alikuja Msambweni mara ya mwisho akiwa Rais, akashangiliwa. Mimi ningependa zaidi kumwona yule Kamau wa mwaka 1931, amekaa Woodbrooke na kamusi yake, akirudiarudia sentensi ya Kiingereza mpaka ikae sawa. Huyo angetuelewa.

Elimu ni bahari, ndugu zangu. Anayeanzia ufuoni na anayeanzia mtoni wote watafika majini, mradi wasirudi nyuma.